Kwa nini kula kidogo ni kazi ngumu, na sindano za kupunguza uzito zinafanya nini hasa mwilini

Kwenye kantini za Mji wa Serikali kule Mtumba, Dodoma, sindano ya Ozempic imekuwa mazungumzo ya kawaida ya saa saba mchana. Maswali yanafanana: inauzwa duka gani, ni shilingi ngapi, na mtu anaweza kupungua kilo ngapi kabla ya harusi ya Desemba? Ni maswali ya mnunuzi, na hayana ubaya. Lakini kuna swali ambalo lingepaswa kutangulia, nalo sisikii watu wakiliuliza. Kwa nini mtu mzima, mwenye akili zake na nia ya kweli, aliyeacha ugali wa usiku, akanywa maji ya ndimu kila asubuhi na kupanda mlima Imagi alfajiri miezi kadhaa, anarudi palepale kwenye kilo alizoanza nazo? Tukilijibu hilo, mengine yote kuhusu sindano hizi yanaeleweka kirahisi.

Jibu tulilozoea ni kwamba hana nidhamu. Anasemwa hivyo nyumbani, anasemwa hivyo kazini, na mara nyingine anasemwa hivyo hata na mhudumu wa afya anayempima presha. Sayansi ya miaka thelathini iliyopita haikubaliani na jibu hilo.

Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake huko New York waligundua homoni inayotengenezwa na mafuta yenyewe ya mwili, wakaiita leptini. Kazi yake ni kuupa ubongo taarifa ya akiba iliyopo. Mafuta yakipungua, leptini inashuka, na ubongo unaisoma taarifa hiyo kama dalili ya hatari. Mwaka 1999 Wajapani wakaigundua grelini, inayotoka zaidi tumboni, ambayo hupanda kabla ya mlo na kuamsha njaa. Taarifa hizi, pamoja na nyingine nyingi za utumbo na kongosho, zinafika kwenye sehemu ndogo chini ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Hapo ndipo panapoamuliwa utasikia njaa kiasi gani na mwili utachoma nguvu kiasi gani. Uamuzi huo haukusubiri wewe. Unafanyika wakati umelala, au upo kwenye kikao.

Sasa mtu akianza kula kidogo, akapungua, vitu viwili vinatokea kwa pamoja. Mwili unapunguza matumizi ya nguvu, na njaa inaongezeka. Watafiti wa Marekani wakiongozwa na Kevin Hall walikadiria mwaka 2016 kwamba kwa kila kilo moja mtu anayopoteza, hamu ya kula humsukuma kwa takriban kilokalori 100 zaidi kwa siku kuliko alivyokuwa akila kabla hajapungua, huku matumizi ya mwili yakishuka kwa kilokalori 20 hadi 30. Aliyepungua kilo 4 basi anavutwa kula kilokalori 400 za ziada kila siku. Huo ni ugali wa unga wa gramu 110 hivi, juu ya chakula chake cha zamani, na mwili unaudai siku za kazi na siku za mapumziko bila kuchoka. Nidhamu ya mtu inachoka. Homoni hazichoki.

Na hali hiyo haiishi upesi. Utafiti uliotoka Australia mwaka 2011 uliwafuata watu 50 waliofuata mlo mkali kwa wiki 10. Mwaka mmoja baada ya kupungua, homoni zao za njaa na shibe zilikuwa bado hazijarudi zilivyokuwa, na wenyewe walisema wanasikia njaa kuliko mwanzo. Zamani zaidi, mwaka 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwapunguzia chakula kwa miezi sita vijana 36 waliojitolea, wote wenye afya njema. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Wakawa wanaota chakula, wanasoma vitabu vya mapishi kama watu wengine wanavyosoma magazeti, wanalamba sahani. Walipofunguliwa chakula, baadhi yao walikula wasishibe. Hawa walikuwa vijana waliochaguliwa kwa uthabiti wao.

Mtu wa kanda ya kati hana sababu ya kushangaa kwamba mwili umejengwa kuiogopa njaa. Huku mvua ni chache na haina ahadi. Ugogo bado inaikumbuka Mtunya, njaa ya mwaka 1917 hadi 1920, wakati ukame ulipokutana na majeshi ya Wajerumani na Waingereza yaliyokwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Watu walikufa kwa maelfu. Sisemi kwamba njaa ile ndiyo inayotunenepesha leo. Mfumo huu anao kila binadamu, wa Dodoma na wa Denmark. Ninachosema ni kwamba kwa sehemu kubwa ya historia yetu mwili ulioshikilia mafuta yake ndio uliomvusha mwenyewe hadi mavuno yaliyofuata. Hatuna sababu ya kuuita mwili huo mbovu.

Kilichobadilika ni maisha yanayouzunguka. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, mji huu umejaa watu wanaokaa kitini kutwa nzima. Hebu itazame siku moja ya mtumishi. Saa nne asubuhi supu ya mbuzi na chapati mbili. Kikao kinaanza saa tano, na kwenye meza kuna sambusa, maandazi, karanga, korosho na soda. Soda moja ya mililita 350 ina sukari zaidi ya gramu 35, na inashuka bila kushibisha. Mchana ni wali au ugali kwa kuku wa kukaanga; kijiko kikubwa kimoja tu cha mafuta ya kupikia kina kilokalori 120 hivi, na jikoni hakuna anayepima mafuta kwa kijiko. Jioni bodaboda hadi nyumbani, au chipsi mayai njiani. Jumamosi nyama choma Msalato. Hakuna hata kimoja hapo ambacho ni uroho. Ni siku ya kawaida ya mtu mwenye kazi.

Halafu kuna heshima. Ukifika kwa shemeji ukala kidogo, utaulizwa mbona hujala, au chakula ni kibaya? Mwenyeji atakuongezea bila kukuuliza, na kukataa kunaacha doa. Tunakula pamoja, kwenye sinia moja, na anayenawa mapema anakatisha mlo wa wenzake. Ushauri wa kigeni wa kupima chakula kwenye sahani yako mwenyewe haujui lolote kuhusu sinia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Na katika nchi hiyohiyo, pengine ndani ya nyumba hiyohiyo, kuna mtoto aliyedumaa. Matatizo haya mawili yanaishi pamoja, na anayetaka kuandika kuhusu unene huku kwetu hana budi kukumbuka hilo kila anaposhika kalamu.

Sindano zinaingiaje hapa? Ukila, utumbo wako unatoa homoni inayoitwa GLP-1. Inaliambia kongosho litoe insulini, inapunguza mwendo wa chakula kutoka tumboni, na inaufikishia ubongo habari ya shibe. Tatizo lake kama dawa ni kwamba inavunjwa mwilini ndani ya dakika mbili hivi. Njia ya kulikwepa tatizo hilo ilitoka mahali ambapo hakuna aliyepatarajia. Miaka ya mwanzo ya 1990, daktari John Eng wa New York alikuta kwenye sumu ya mjusi mmoja wa majangwa ya Marekani na Mexico kemikali inayofanana na GLP-1 lakini inayodumu kwa saa kadhaa. Kutokana nayo ilipatikana dawa ya kwanza ya kundi hili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005 kwa wagonjwa wa kisukari aina ya pili. Wadenmark wa Novo Nordisk wakachukua njia nyingine. Waliirekebisha GLP-1 ya binadamu na kuibandika kipande cha mafuta kinachoishikiza kwenye albumini, protini iliyomo kwenye damu, ili isivunjwe haraka. Wakapata liraglutidi ya kuchomwa kila siku, kisha semaglutidi ya kuchomwa mara moja kwa wiki.

Semaglutidi ndiyo iliyomo ndani ya Ozempic, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2017 kwa kisukari, na ndiyo iliyomo ndani ya Wegovy, iliyoidhinishwa Juni 2021 kwa kupunguza uzito. Dawa ni moja, majina mawili na vipimo tofauti. Mounjaro ya kampuni ya Eli Lilly ni tirzepatidi, inayoiga homoni mbili za utumbo badala ya moja.

Wanaozitumia huwa wanaeleza jambo moja kwa maneno yanayokaribiana: kichwa kinatulia. Wazo la chakula lililokuwa likirudi kila baada ya nusu saa, la andazi lililobaki, la nini kitapikwa jioni, linanyamaza. Sahani inaachwa nusu bila vita. Kwangu hili ndilo lenye uzito kuliko kilo zote zilizohesabiwa. Kama shida ingekuwa tabia mbaya, homoni ya utumbo isingeiondoa. Mtu yuleyule, mwenye nidhamu ileile, anabadilishiwa ishara moja ya mwili na ghafla anaonekana mwenye kiasi. Wale wanaoshiba mapema bila sindano walizaliwa na ishara hiyo ikiwa na nguvu. Hawakuifanyia kazi.

Matokeo yamepimwa vizuri. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, watu 1,961 wenye uzito uliozidi au unene lakini wasio na kisukari walifuatwa kwa wiki 68. Waliochomwa semaglutidi walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9. Kwa mwenye kilo 90, hizo ni kilo 13 na kidogo. Waliochomwa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4. Tafadhali itazame hiyo 2.4 kwa makini, kwa sababu watu hao nao walikuwa wakipewa ushauri wa lishe na mazoezi kwa mwaka mzima na zaidi, na watu waliofunzwa kazi hiyo. Ushauri peke yake, kwa wastani, ulizaa hicho tu. Tirzepatidi kwa kipimo cha juu ilifika karibu asilimia 21 kwa wiki 72. Na mwaka 2023, katika utafiti wa watu 17,604 waliokwisha kuwa na ugonjwa wa moyo na mishipa, wenye uzito uliozidi na wasio na kisukari, semaglutidi ilipunguza kwa asilimia 20 mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo vikijumlishwa pamoja. Kwa hiyo tusiiite dawa ya urembo.

Lakini kuhusu ile harusi ya Desemba: waliosimamisha semaglutidi baada ya wiki 68 walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja. Ukishaelewa habari za leptini na grelini huwezi kushangaa. Dawa ilikuwa imeziba sauti ya njaa. Ilipoondolewa, sauti ikarudi ikakuta mwili uliopungua, na mwili uliopungua unadai chakula zaidi. Hii ni dawa ya muda mrefu, kama ya presha. Anayeanza kwa nia ya miezi mitatu anatumia fedha nyingi kukodi mwili ambao hatakaa nao.

Matumizi yenyewe hayatishi. Ni kalamu yenye sindano nyembamba na fupi, inachomwa chini ya ngozi ya tumbo, paja au mkono, siku ileile ya kila wiki. Wegovy inaanza na miligramu 0.25 kwa wiki nne, halafu 0.5, halafu 1, halafu 1.7, hadi kufika 2.4; ni miezi minne ya kupanda polepole. Upole huo ndio unaolizoesha tumbo. Wanaoruka hatua ili wapungue haraka ndio wanaoishia kutapika kutwa.

Kichefuchefu, kutapika, kuharisha na kufunga choo ndiyo maudhi ya kawaida, na kwa wengi hupungua na wakati. Kwa jua la Dodoma, mtu anayetapika na kuharisha anakaukiwa maji upesi, na kukaukiwa huko kunaweza kuumiza figo. Anywe maji kidogokidogo siku nzima, na hali hiyo isipokoma arudi hospitali. Mawe kwenye kifuko cha nyongo yanaongezeka kidogo. Kongosho kuvimba hutokea kwa wachache: maumivu makali ya tumbo yasiyoachia, yanayokwenda hadi mgongoni, hayasubiri kesho. Wajawazito hawatumii, wala waliopanga kubeba mimba karibuni, na semaglutidi huachwa angalau miezi miwili kabla. Mwenye historia ya saratani ya medula ya tezi ya thairoidi, yake au ya familia, hatumii. Anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango akianza tirzepatidi aongeze kinga nyingine, maana vidonge hivyo hupungua nguvu. Na mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi, dawa ambayo iko kwenye zahanati nyingi, anaweza kushukiwa na sukari hadi kuanguka akiongezewa sindano hii bila daktari kupunguza dozi ya dawa zake. Huyu wa mwisho ndiye ninayemhofia zaidi, kwa sababu ndiye atakayeletewa kalamu na ndugu anayempenda.

Pia kinachopungua si mafuta tu. Sehemu ya uzito unaoondoka, mara nyingi robo na zaidi, si mafuta. Misuli imo humo. Kwa mama wa miaka 60 misuli ndiyo inayomwinua kwenye kigoda. Ndiyo maana kile kidogo anachokula kinapaswa kuanza na maharage, mayai, dagaa, maziwa, kisha mboga, na ugali uje mwisho, na mwili ufanye kazi ya kubeba na kunyanyua, siyo kutembea peke yake. Mlenda na ugali wa mtama au uwele usiokobolewa sana, chakula cha nyumbani cha huku, una nyuzinyuzi zinazosaidia choo. Wengi wetu tuliuacha tulipopata mshahara.

Sasa mahali pa kununulia. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari Juni 2024 kuhusu semaglutidi bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama nchi zenye ukaguzi mkali ziliingiliwa, kalamu inayotangazwa kwenye kundi la WhatsApp na kuletwa kwa basi haina cha kuithibitisha. Hata kama ni halali, kabla ya kufunguliwa inatakiwa kukaa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda inaharibika. Fikiria Oktoba ya Dodoma, joto limepita nyuzi 30, kalamu iko kwenye mkoba wa mtu aliyekaa stendi tangu asubuhi. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, makao yake makuu yako hapahapa Dodoma. Kuuliza kama dawa imesajiliwa, na kama duka lina kibali, ni haki ya mnunuzi.

Zile chai na vidonge vya kukata tumbo ni habari fupi. Nyingi ni za kuharisha, na uzito unaopungua ni maji. Baadhi ya bidhaa za aina hiyo duniani zimekutwa zimechanganywa kwa siri na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi.

Bei ndiyo inayouma. Wegovy ilipoingia sokoni Marekani ilitangazwa kwa zaidi ya dola 1,300 kwa mwezi. Imeanza kushuka tangu hapo, na mwaka 2026 ndio wa kuisha kwa hati miliki ya semaglutidi katika nchi kama India, China na Brazil, ambako viwanda vingi vilijiandaa kuitengeneza. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza semaglutidi na tirzepatidi kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa kisukari aina ya pili wenye unene na ugonjwa wa moyo au figo. Desemba mwaka huohuo likatoa mwongozo wa kuzitumia kutibu unene kwa watu wazima, pamoja na msaada wa lishe na mazoezi. Mpangilio huo naukubali. Kalamu chache zitakazofika kwa bei nafuu zianze na mgonjwa wa kisukari mwenye moyo uliochoka, kabla ya mimi na wewe tunaotaka suti itukae.

Kwa asiyeipata dawa, na hao ndio wengi, lengo si kilo 20. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba watu waliokuwa karibu kupata kisukari, wakiwekewa lengo la kupungua asilimia 7 tu na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kuupata kwa asilimia 58. Kwa mwenye kilo 90 hizo ni kilo 6. Zinapatikana kwa urahisi zaidi pale njaa isipochokozwa kwa mlo wa adhabu: soda ibadilishwe na maji, mafuta yapimwe kwa kijiko, na meza ya kikao iwekewe mayai ya kuchemsha, matunda na karanga kidogo badala ya maandazi. Hilo la mwisho liko mikononi mwa anayeandika oda ya chakula cha mkutano.

Na aliyekwisha kuanza sindano, fedha ikimwishia njiani, asiache kimyakimya. Amwambie daktari wake. Huenda dawa za presha au sukari zilipunguzwa alipopungua. Uzito ukianza kurudi, presha na sukari hurudi nao, mara nyingi bila dalili yoyote. Apimwe ndani ya wiki chache, apimwe tena baadaye, na dozi zirekebishwe kabla mwili haujaonyesha wenyewe.